Mjerumani Aliyemzika Mume Wangu

Mtu wa kwanza kunifanya mjane alikuwa Mjerumani. Alinifanya mjane mchana kweupe, mume wangu akiwa mzima, amekubali kwa mdomo wake na ameshiba ugali. Tulimwita Bwana Picha. Jina lake la kwao alitutajia zaidi ya mara moja, lakini lilikuwa refu na limejaa kokoto, tukamwachia mwenyewe. Alizaliwa wapi, baba yake nani, alioa au hakuoa, msiniulize. Mimi nilimjua kwa chakula alichokula na kelele alizopiga, na kwa hayo mawili ninayo ya kusema.

Alikuja Nachingwea miaka ile ya mashine za karanga, wakati misitu inang'olewa kwa minyororo na kila mwenye mikono anapata kibarua. Waingereza, wakubwa wa mradi huo wa karanga, walitaka picha ya sinema ya kuwafundisha wakulima kupanda karanga kwa mistari. Wakaulizana nani anajua kutengeneza sinema, wakamwokota yeye sijui wapi. Alilala kwenye mahema ya mradi, lakini kazi alikuja kuifanya kijijini kwetu, njia ya kwenda Ruangwa, kwa sababu alisema kijiji chetu kina sura. Mama mkwe wangu alimjibu kwamba kijiji hakina sura, kina watu. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza, na kwa miezi miwili hawakuongeza mengi.

Niliajiriwa kumpikia, yeye na kijana mmoja wa Kiingereza aliyeshika kamera, ambaye simkumbuki kusema neno lolote. Bwana Picha ming'oko, viazi vyetu vya porini, alikula. Kisamvu alikula mpaka akalamba kijiko. Kuku wa chunguni alimpenda sana, ila kuku aliye hai alimwogopa kuliko nyoka. Jogoo akikatiza mbele yake alisimama akasubiri apite. Mtu anayewafokea madereva wa katapila mpaka wanazima mashine, anampisha jogoo. Nilicheka sana huko jikoni, na alijua nacheka.

Kiswahili chake alikipata katika kitabu cha zamani, nadhani cha wamisionari, maana aliongea kama anahubiri. Hakusema sogeeni. Alisema, enyi wanaume watatu, nendeni upande wa kuume. Wazee wetu wengi Kiswahili walikuwa wanakibabaisha tu, Kimwera ndicho cha nyumbani, basi wakawa wanamwitikia "amina" na hawaendi popote. Siku moja alimpata, huko kijiji cha Narung'ombe, mzee aliyekuwa askari upande wa Wajerumani katika vita vile vya kwanza. Mzee alikuwa bado anakumbuka amri za gwaride za Kijerumani, na zaidi ya amri hakujua neno. Bwana Picha akafurahi, akamkabidhi watu arobaini awapange shambani. Mzee alipaza sauti mara moja, akawalaza wote kifudifudi kwenye mbigili, akasimama wima akisubiri asifiwe. Hakurudi kazini siku ya pili, na hata wale arobaini wengi wao hawakurudi.

Kule kwao Bwana Picha alikuwa msimamizi wa picha. Alinieleza kazi hiyo siku nyingi kabla sijaielewa. Wachezaji wanacheza, mwenye kamera anapiga, na kuna mkubwa mmoja anayekaa kitini akisema vizuri au vibaya. Msimamizi ni yule anayehakikisha kiti kipo. Farasi wakitakiwa mia, anawatafuta yeye. Theluji ikitakiwa wakati wa joto, anaileta yeye, na aliwahi kuileta kwa chumvi na manyoya ya bata, wachezaji wakapiga chafya siku nzima. Mfalme wa kuigiza alipolewa asitokee, yeye alivaa joho akakaa kwenye kiti cha enzi, mgongo kwenye kamera, na watu wa nchi nzima wakauona mgongo wake wakaogopa. Alisimama akatuonyesha mgongo wenyewe. Haukuwa wa kuogopesha.

Alikuwa na daftari la majina ya watu waliowahi kumwambia kwamba jambo fulani haliwezekani. Ukisema haiwezekani, Bwana, anatoa kalamu, anakuuliza jina lako na la baba yako, anaandika. Hakukufanya kitu. Lakini nani anapenda jina la baba yake likae kwenye daftari la Mzungu? Basi vibarua wakaanza kusema inawezekana kwa mambo ambayo hata jini angeomba apewe siku mbili. Mume wangu, Selemani, aliahidi kumletea twiga. Twiga huku kwetu, ndugu zangu. Alipoulizwa yuko wapi akasema ametoka kidogo.

Ila moyo wa Bwana Picha haukuwa kwenye farasi wala twiga. Alitaka kuandika. Alishaandika hadithi kumi na moja za sinema, alizihesabu kwa vidole vya mikono akamalizia na dole gumba la mguu. Kila moja ilibadilishwa ikapewa jina la mtu mwingine, au iliwekwa kabatini na kabati likaungua wakati wa vita vya pili. Jina lake lilitokea mwisho kabisa, dogo kama chawa, na lilisema msimamizi. Hii picha ya karanga ndiyo ya kwanza ambayo aliahidiwa kwamba itaandikwa wazi, kwa herufi kubwa, hadithi imetungwa na fulani. Mtu mzima wa zaidi ya miaka hamsini, akiisema habari hiyo anaziandika herufi hewani kwa kidole. Nilimwonea huruma kweli, kisha akalalamika kwamba chumvi imezidi, huruma ikakatika.

Habari za vita vyenyewe hakupenda kuulizwa. Mara moja tu, anakula mhogo wa kuchemsha, aliniambia kwamba mabomu yalipokuwa yanaanguka kwao, wao walikuwa wanatengeneza picha za kuchekesha. Watu waliingia kwenye sinema wakacheka, wakatoka wakakuta nyumba hazipo. Nilimuuliza yeye alifanya nini. Akasema alihakikisha viti vipo. Halafu akainuka kwenda kutafuta miwani yake, nayo ilikuwa usoni.

Mama mkwe wangu hakumtaka hata kumwona. Alikuwa msichana wakati wa vita vya Maji Maji, Wajerumani walipochoma maghala ya mtama, na njaa iliyofuata ilimmalizia ndugu zake wanne. Hakulipigia kelele jambo hilo. Bwana Picha akimwamkia, yeye huitikia marahaba, maana shikamoo haikataliwi, kisha anakunja mkeka wake na kwenda kukaa upande wa pili wa nyumba. Bwana Picha akienda upande huo, mkeka unahama tena. Kwa siku moja mama mkwe aliweza kuizunguka nyumba mara tatu.

Sasa, wakubwa walimpa Bwana Picha kazi zote mbili, kuandika na kusimamia, kwa kuwa hawakutaka kulisha watu wawili. Wao hawakujua wamewasha moto gani. Akiwa mwandishi alivaa kofia ya kitambaa. Akiwa msimamizi alivaa kofia ngumu ya jua. Asubuhi alikaa chini ya turubai na kofia ya kitambaa, anaandika, anatabasamu peke yake. Mchana anavaa ile ngumu, anasoma alichoandika asubuhi, anapiga meza. Nani ameandika simba hapa? Simba hakuna. Anavua, anavaa ya kitambaa, anajitetea kwa Kijerumani kwa sauti ya mtu aliyeonewa. Anavaa tena ngumu, anamkata simba kwa wino mwekundu. Kuna siku walikasirikiana kabisa hao wawili, msimamizi akagoma kumpa mwandishi chai, nikalazimika kuirudisha jikoni.

Simba aliingiaje kwenye karanga? Ni kwa sababu Bwana Picha alisema picha bila hadithi ni barua ya serikali. Kwa hiyo kukawa na mkulima mkaidi, asiyepanda kwa mistari wala kupalilia, naye lazima afe watu waone. Kwanza alitaka afe kwa huzuni ya mavuno mabaya. Tulimweleza kwa upole kwamba hapa kwetu hakuna mtu aliyewahi kufa kwa kusikitikia karanga. Akauliza basi mnakufaje. Tukamtajia homa, nyoka, simba. Mwandishi akadaka simba, msimamizi akamkataa, wakapatana kwenye nyoka. Mkulima hapalilii, nyasi zinaota, nyoka anakaa kwenye nyasi, anamgonga. Hapo hata sisi tuliona ina maana. Mkulima mkaidi akawa mume wangu, kwa sababu ana miguu mirefu na anajua kuanguka. Mimi nikaongezewa kazi juu ya kupika. Nikawa mjane wake.

Matayarisho ya mazishi yalikuwa na vituko kuliko mazishi. Mwalimu wa msikiti alikataa katakata kutoa jeneza la watu lichezewe, tukachukua kitanda cha kamba. Bwana Picha alitaka kitambaa cheupe cha sanda, duka halina, nikatoa shuka langu la harusi lenye maua mekundu. Alisema maua hayataonekana kwenye picha. Mama mkwe alisema yeye anayaona, na kwamba mwanawe hatazikwa kwa maua ya kitandani, akajifungia ndani asishuhudie. Kaburi lilichimbwa mwisho wa shamba letu, mbali na makaburi. Kila kitu kilipangwa kwa saa, maana filamu ilikuwa mikebe miwili tu imebaki: mmoja wa mazishi, na mmoja wa mavuno ya mashine, ambayo wakubwa walisema ndiyo sababu ya picha nzima.

Tukatoka na maiti. Mimi nalia, na nalia vizuri, mpaka Bwana Picha akanikunjia ngumi ya furaha. Wakati huo huo kwenye barabara ya mradi anapita katapila, na juu yake amekaa dereva mmoja Mngoni, rafiki wa mume wangu na mtani wetu. Wangoni na Wamwera walipigana zamani, na waliopigana zamani wakishapatana ndio wanakuwa watani, na mtani kwenye msiba ana kazi yake. Yule bwana alijua ni picha. Baadaye aliapa kwamba alijua. Lakini aliona kitanda kimebebwa, aliona sanda, aliona mjane analia, na hajawahi kupita msiba wa Mmwera bila kutimiza wajibu. Akaruka chini, katapila linaunguruma lenyewe barabarani, akatutangulia kaburini, akaingia, akalala.

"Nalipima," alisema kutoka humo ndani. "Selemani ana miguu mirefu na akili fupi, nisije nikazikiwa mtu aliyekunjwa."

Watu walianguka chini kwa kucheka. Bwana Picha alirukaruka pembeni ya kaburi, mara avue kofia hii avae ile, akilia toka, enyi mtu, toka. Mtani akasema hatoki mpaka marehemu aombe radhi kwa ulafi wake. Kitanda nacho kilianza kutikisika, kwa sababu maiti alikuwa anacheka. Bwana Picha akamwinamia akamwambia maiti asicheke, ndipo maiti akazidi. Na yule kijana wa kamera, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aache, akaendelea kupiga yote mpaka Selemani akashushwa na udongo ukarushwa juu ya mbao. Mtani alipotoka kaburini alikwenda moja kwa moja kwenye ua wetu, akachukua baiskeli ya mume wangu, akaipanda akaondoka nayo. Hiyo nayo ni haki yake. Kitu anachotwaa mtani msibani hakirudishwi.

Tukamtoa Selemani chini ya mbao, akajikung'uta, akala. Mimi nilidhani yamekwisha.

Kesho yake Selemani alimfuata mtani kudai baiskeli. Mtani alimtazama juu mpaka chini, akamuuliza ameona wapi marehemu anadai baiskeli. Siku ya tatu wakaja watu kutoka Mbwemkuru na unga na kuku wa matanga, wamesikia kijana amefariki, nao walipomkuta amekaa uani anasuka kamba walikasirika, kwa kuwa safari ilikuwa ndefu. Unga waliuacha. Walisema umeshatolewa kwa ajili ya marehemu na wao hawawezi kurudi na unga wa marehemu. Na mama mkwe ndiye aliyekuwa mbaya kuliko wote. Aliacha kumwita mwanawe kwenye chakula. Sahani yake aliiweka chini, mbali, kama watu wanavyoweka kitu kwa ajili ya wasioonekana, na alipopishana naye mlangoni hakumsemesha.

Nilimuuliza kulikoni. Akanijibu hesabu yake yote kwa upole. Amebebwa. Amevikwa. Mjane amemlilia. Mtani ameingia kaburini na ametwaa haki yake. Picha hiyo itazunguka Ruangwa, Naipingo, na miji nisiyoijua, na kila watakapoiwasha watu watamwona mwanangu akiingia ardhini, na hakuna hata mmoja atakayemwona akitoka. Ninyi mnaita mchezo. Mimi nauliza, kimepungua nini?

Mwalimu wa msikiti alisema hakuna neno hapo, mzima ni mzima. Na mimi nilisema hivyo hivyo, nikacheka. Lakini nilipokuwa nafua shati lake nilijikuta nimelisogeza puani nalinusa, kama watu wanavyonusa nguo ya aliyeondoka. Niliogopa. Selemani mwenyewe alikuwa anakonda. Mtu akikataliwa sahani na mama yake hata ucheshi unamwisha. Nikafunga kanga kiunoni nikaenda kwenye turubai.

Nilimweleza Bwana Picha kwamba aliyemtia mume wangu kaburini ndiye wa kumtoa, mbele ya watu wale wale na kamera ile ile. Alinisikiliza na kofia ya kitambaa, akasema mtu akishakufa vizuri kwenye hadithi asifufuliwe, hadithi inaharibika. Akavaa ngumu, akanionyesha mkebe mmoja uliobaki. Huu ni wa mavuno, akasema, wakubwa wanakuja wiki ijayo kuona mavuno yanapigwa picha, bila mavuno hakuna picha, bila picha hakuna jina langu. Alisema hivyo bila ukali. Alikuwa ananiomba.

"Sawa, Bwana," nikamwambia. "Basi mimi ni mjane, na mjane anakaa eda. Miezi minne na siku kumi sitampikia mwanamume wa nje."

Nilimwona msimamizi anapiga hesabu ya miezi minne bila kisamvu. Lakini nitakuwa mwongo nikisema tumbo ndilo lililomshinda. Jioni ile alinifuata nyumbani kunibembeleza, akafika wakati wa chakula, akasimama nje ya ua. Alimwona mama mkwe anaweka ile sahani chini, anamkwepa mwanawe, anarudi kukaa. Alimwona Selemani anakula amewapa watu mgongo. Bwana Picha alisimama pale muda mrefu. Jogoo wetu alipita karibu na miguu yake, wala yeye hakumwona. Hakunibembeleza tena, akaondoka.

Asubuhi alikuja hana kofia yoyote kichwani. Alimleta mtani na baiskeli, jinsi alivyomshawishi sijui, wengine walisema alimwandika kwenye daftari yeye na babu zake wote. Watu wale wale wakaitwa. Selemani akarudi chini ya mbao, na shuka langu lenye maua, na kamera ikaanza kuzunguka. Mtani akainama, akampa mkono, akamwambia toka, kaburi limekukataa kwa kukoroma. Selemani akatoka na udongo masikioni. Tulikuwa tumeambiwa tushangilie, lakini tulipisha njia, maana mama mkwe alikuwa anakuja, katikati ya kamera, yeye ambaye hakuwahi kuisogelea hata siku moja. Alimpiga mwanawe kofi la shavu. Kisha akamshika masikio akaanza kumtoa udongo kwa kidole, kama anamwogesha mtoto, akilia na kumtukana. Hapo hakuna aliyekuwa anaigiza. Kamera ililia tik tik tik ikanyamaza. Mkebe ulikuwa umekwisha.

Wakubwa walipokuja, mashine zilikuwa zimepangwa, karanga zimerundikwa, na hakuna filamu. Sikusikia waliyoyasema, niliona tu mikono yao. Bwana Picha aliondoka Nachingwea kwa treni ya pwani. Aliniachia sufuria nzuri na lile daftari lake, ambalo hatukulisoma kwa kuwa liliandikwa Kijerumani, ila jina la Selemani tulilitambua, na pembeni yake amechora twiga.

Kiangazi kilichofuata gari la sinema lilikuja Ruangwa, tukaenda kijiji kizima. Kwa kukosa mavuno, walikuwa wamemaliza picha na kufufuka kwa mume wangu, na sauti ya mtu mwenye Kiswahili kizuri ikasema kwamba mkulima anayepalilia shamba lake huamka na afya njema. Watu walicheka mpaka wakaomba irudiwe. Mama mkwe alikaa mbele kabisa. Alipomwona mwanawe anatoka ardhini, aligeuka nyuma akatazama watu mmoja mmoja, kuhakikisha kila mtu ameona. Mwisho yakatokea majina, nikamwomba mwalimu wa shule anisomee. Alisoma yote. La mtunzi wa hadithi halikuwepo, na la msimamizi pia halikuwepo.

Selemani alifariki kweli miaka michache baadaye, mashine zimeshaondoka na nyasi zimeanza kuota kwenye reli. Homa ya siku sita. Tulimzika makaburini, kwa jeneza la msikiti na sanda nyeupe. Yule mtani alikuwa amerudi kwao Songea, na mtani mwingine hakutokea, mazishi yakaenda kimya, kila mtu anatazama miguu yake. Mama mkwe alisema mwanawe amezikwa kama mtu asiye na watu. Mimi sikulia. Waliniona jasiri, na wengine waliniona sina moyo. Sababu naijua, na nilikuwa naona aibu kuisema: nilikuwa namsubiri. Nilishamwona akitoka mara moja.

Siku ya arobaini watu walijaa uani, mimi niko eda ndani, nimekaa nyuma ya pazia la mlango. Akaingia Bwana Picha kwa miguu, amevaa suti ya kijivu iliyombana, nywele zimekwisha. Alikuwa anasimamia vibarua kwenye shamba la mkonge upande wa Lindi, habari alizipata kwa dereva wa lori. Hakusema pole. Hakumpa mtu mkono. Alipita katikati ya mikeka, akasimama mbele ya nyumba, akapaza sauti.

"Enyi watu, yuko wapi Selemani? Mwambieni atoke. Mimi nilimwajiri kulala siku moja, sasa amelala siku arobaini. Ni mvivu mtu huyu."

Wanaume wakasimama. Mmoja alimkamata bega amtoe nje. Bwana Picha akasema wamwache, amekuja kama mtani. Mwalimu wa msikiti akamuuliza, mtani tangu lini? Yeye alimgeukia mama mkwe, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka wake.

"Mama," akasema, "Wangoni waliwapiga, wakawa watani wenu. Sisi pia tuliwapiga. Tuliwachomea chakula. Kama nimekosea, sema, nitaondoka."

Mama mkwe alimtazama. Nilidhani atakunja mkeka.

"Ninyi mlitupiga kuliko Wangoni," akasema.

"Najua, mama."

"Basi utani wako ni mzito."

Akainuka polepole, akachukua ndoo ya maji yaliyooshewa vyombo, akammwagia yote kuanzia kichwani, suti na miwani na viatu. Hivyo ndivyo mtani anavyojibiwa. Bwana Picha hakujifuta. Vipande vya ugali vikimteremka mashavuni, akasema maji haya ni machafu kama tabia ya marehemu. Mama mkwe akacheka. Kicheko chake kikawafikia wanawake, kikawafikia wanaume waliosimama, wakakaa chini wakicheka, na yeye akamwonyesha Mjerumani nafasi kwenye mkeka, karibu naye.

Nami huko ndani nilicheka, na kicheko kikanigeukia katikati. Nililia kilio cha siku arobaini, mpaka mama mkwe akaja, mikono yake bado imelowa, akanishika mabega. Nje Bwana Picha alikuwa anaendelea kumsema mume wangu kwa Kiswahili chake cha mahubiri, ulafi wake na miguu yake na uongo wake, na kila alipomaliza kosa moja aliwaambia watu kwamba hatamwajiri tena.